Vyoo na maji vianze Barafu, mengine baadae

Mhariri,

Naomba nafasi niongelee Mlima Kilimanjaro, maana kila ikitajwa habari ya kuboresha huduma za wageni kule juu nasikia mambo makubwa tu. 2019 yalizungumzwa magari ya kupita kwenye nyaya, 2022 ikapelekwa intaneti mpaka kambi ya Horombo. Intaneti siipingi hata kidogo, mtu akizidiwa na mwinuko inasaidia kuita msaada haraka. Ila jamani, choo je? Maji je?

Nilibeba mizigo kule miaka ya nyuma, na wanangu wawili ni wagumu (ndivyo tunavyowaita wapagazi) mpaka leo, kwahiyo naongea kitu nachokijua. Chukua kambi ya Barafu, mita kama 4,670, ndo wanapolala wageni wa njia za Machame na Lemosho kabla ya kuondoka usiku wa manane kwenda kilele cha Uhuru. Pale hakuna maji. Yanabebwa toka bonde la Karanga, mgumu anapanda masaa na dumu, mfuniko usipokaza yanamchuruzikia shingoni na ile baridi mpaka vidole havikunji, akifika yanagawanywa ya chai, ya supu, ya kujaza chupa za wageni, ya kuoshea sufuria. Sasa hapo nani atapata ya kunawa mikono akitoka chooni?

Na vyoo vyenyewe vya shimo, msimu ukichanganya havitamaniki. Makampuni yenye uwezo yanabeba vyoo vyao vya tenti, kuna kijana kazi yake ni hiyo tu, kubeba na kusafisha, ni kazi ya heshima kabisa, lakini mara nyingi huyo huyo anayekibeba haruhusiwi kukitumia, anaenda nyuma ya jiwe. Asubuhi jua likitoka unaona karatasi nyeupe zimenasa kwenye mawe kila upande, na mgeni aliyelipa dola 70 kwa siku kiingilio peke yake, bila kodi wala kulala, anazipiga picha. Inauma sana.

Inauma zaidi kwasababu mlima huu ni wetu kwa namna ambayo mgeni hawezi kuijua. Wazee wa Kichagga walipotambika waligeuzia uso Kibo, kile kilele kikubwa cha mlima, na hadi leo sisi wa huku mtu akitoka nje asubuhi anaangalia kwanza kama Kibo imefunguka mawingu. Maji yanayoshuka kwenye mifongo, ile mifereji yetu ya asili, kuja kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, yanatoka kwenye msitu huo huo ambao wageni wote wanapita, msitu ulioingizwa hifadhini 2005. Kinachoachwa juu kinashuka, hakuna namna nyingine.

Halafu kuna suala la sehemu ya kupikia na kulala wagumu, hili nalisema kwa uchungu. Oktoba 2020 mlima uliwaka kuanzia eneo la Kifunika, na maelezo yaliyotolewa ni kwamba wapagazi walikuwa wanapasha chakula cha wageni. Watu waliwasema vibaya sana vijana. Lakini ukitaka mtu asiwashe moto kwenye majani makavu na upepo ule si umjengee kibanda cha mawe chenye jiko la gesi njiani? Na usiku, kwenye njia za kulala kwenye tenti, vijana wengi wanasubiri wageni wamalize kula ndo wajibane humo humo kwenye tenti la chakula, wageni wakikaa wanapiga stori mpaka saa nne usiku, mtu aliyebeba kilo 20 tangu asubuhi anasubiri nje kwenye baridi.

Kwahiyo ombi langu kwa wahusika, fedha ya maboresho ikipatikana ianzie Barafu na Karanga: vyoo vya kutosha ambavyo kinyesi kinakusanywa na kushushwa chini badala ya kuchimba shimo jipya kila mara, namna ya kupandisha maji kutoka bondeni hata kwa pampu ya sola, na vibanda vya wagumu. Hayo ya nyaya yakae pembeni kwanza. Na kabla mkandarasi hajapima eneo wawaulize wagumu na wapishi choo kikae wapi, wao ndo wanajua upepo wa Barafu unapiga kutoka upande gani.

Mpagazi mstaafu,
Marangu