Hatukuchelewa, Mtoto Hakupimwa Sukari

Mhariri,

Nasoma gazeti lako tangu nilipokuwa nafundisha, na sijawahi kukuandikia. Leo nimeshindwa kunyamaza. Ile ripoti yenu ya juma lililopita, ya wagonjwa wa kisukari wanaofikishwa hospitalini wakiwa mahututi, iliwabebesha lawama wazazi: eti tunakaa na watoto nyumbani tukiwanywesha makombe, maji yaliyooshea maandishi ya dua.

Sisi hatukukaa. Mjukuu wangu ana miaka 11. Alianza kwa kiu, jagi zima la maji halimtoshi, na usiku haja ndogo mara tano. Alipokojoa kitandani nilimgombeza, na hilo linaniuma mpaka leo. Bibi yake ndiye aliyeona sisimizi wamejaa chooni. Siku aliyoanza kutapika tulimpeleka zahanati, wakasema malaria. Kesho yake tumbo linamkata, tukaenda kwingine, wakasema minyoo. Siku ya tatu amelala tu, lakini anahema kama mtu aliyetoka mbio. Kituo cha tatu, nesi mmoja kijana alimwinamia, akasikia pumzi inanuka kama embe lililopitiliza kuiva, akamdunga kidole pale pale. Mashine haikutoa hata namba, sukari ilikuwa imepita kipimo chake. Siku tatu tumezunguka na kulipa, na kumbe kilichotakiwa ni tone moja la damu!

Mwili ukikosa insulini, sukari haiingii kwenye seli, basi unachoma mafuta badala yake, na ketoni zinazotokana na mafuta hayo zinaigeuza damu kuwa asidi. Kule kuhema ni mwili unajaribu kuitoa asidi hiyo. Dawa yake inajulikana: dripu ya maji ya chumvi, insulini polepole, potasiamu, na kupimwa sukari kila saa. Potasiamu nayo haikisiwi, kwa sababu insulini huitoa kwenye damu na kuiingiza kwenye seli, na ikishuka mno moyo unaweza kusimama. Sasa sikia, Mhariri. Hospitali kubwa tuliyopelekwa, saa nane za usiku, mashine ya maabara ni mbovu. Mwanangu akakabidhiwa kichupa cha damu ya bintiye, akakitia mfuko wa shati, akapanda bodaboda kutafuta maabara ya kulipia. Njia nzima ameufumbata ule mfuko kwa kiganja. Aliporudi akatumwa tena, vijiti vya kupimia sukari vya wodi vimekwisha tangu jioni. Huyo ndiye mzazi mliyeandika kwamba anachelewa?

Mtoto alipona, alhamdulillahi. Sasa tunahangaika na umeme. Insulini isiyofunguliwa hukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Iliyofunguliwa huvumilia wiki nne hivi, mradi joto lisipite nyuzi 30, na nyumba zetu za mabati huku Kisauni zinazipita mchana kutwa. Wiki hii umeme umekatika usiku tatu bila tangazo, na tokeni tumelipia. Chupa tumeifunga kwenye mfuko wa nailoni, tukaiweka ndani ya mtungi wa bibi, mtungi juu ya mchanga tunaoumwagia maji asubuhi na jioni. Mtoto wa kwanza kudungwa insulini alikuwa na miaka 14, huko Toronto, Januari 1922. Waliopewa hataza, yaani haki ya kumiliki ugunduzi huo, wakaiuza kwa chuo kikuu cha huko kwa dola 1 kila mmoja. Zaidi ya miaka 100 imepita, na dawa ile ile naihifadhi kwa mtungi.

Ninachotaka ni hiki. Kila zahanati ya Mombasa, kisiwani, Likoni, Changamwe na Kisauni, iwe na mashine ya kupimia sukari juu ya meza ile ile inapoandikwa kadi, ifungwe kwa kamba isihamishwe. Mtoto anayetapika au kuhema adungwe kidole kabla mtu hajatamka malaria. Na ukutani pawe na ubao, kila asubuhi iandikwe idadi ya vijiti vilivyobaki. Vikifika 20, mtu atumwe siku hiyo hiyo kuvileta. Kwa zahanati ya mtaani kwetu, ubao na chaki nitanunua mimi.

Mwalimu mstaafu,
Kisauni, Mombasa