Viunganishi vichaguliwe kabla kisanduku hakijatobolewa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme na wasomaji wanaojiundia vifaa vya elektroniki nyumbani. Maelezo wanayoyafuata mara nyingi huchora saketi nzima kwa makini, kisha yakifika kwenye nyaya zinazotoka nje ya kisanduku yanasema tu "unganisha pampu", "unganisha kihisi". Unganisha kwa kitu gani? Bodi inaweza kuwa nzima na programu haina kasoro, lakini kifaa kisifanye kazi kwa sababu plagi imelegea au imeyeyuka.

Tuchukue kisanduku kimoja kinachoendesha pampu ya volti 12 inayokula ampea 3, chenye kihisi cha joto cha nyaya tatu, kikipata umeme kwa adapta. Hapo pana viunganishi vitatu, na kinachofaa kimoja hakifai kingine.

Pampu ndiyo ya kuogopwa. Mota inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mara kadhaa ya ule ulioandikwa kwenye lebo yake. Kwa hiyo vile viunganishi vyeupe vya XH vya kampuni ya JST, ambavyo pini zake zimeachana kwa milimita 2.5 na uwezo wake ni ampea 3 kwa waya wa AWG 22 (AWG ni kipimo cha Kimarekani cha unene wa waya), havitoshi, hata kama kwenye karatasi namba zinalingana. Weka terminali za skrubu za kuchomeka na kuchomoa, zenye nafasi ya milimita 5.08, hizo kwa kawaida hubeba ampea 10 au zaidi. Mimi hushauri kiunganishi kisibebeshwe zaidi ya nusu ya uwezo wake, na sababu yake ni hesabu fupi. Joto la mahali vyuma vinapogusana ni mkondo mara mkondo mara ukinzani. Mguso mzuri wa miliomu 20 ukipitisha ampea 3 hutoa wati 0.18, ambazo hata kidole hakizisikii. Mguso huohuo ukichafuka au ukilegea hadi omu 0.2, unatoa wati 1.8 ndani ya plastiki ndogo kama ukucha. Plastiki hulainika, chuma hupoteza nguvu ya kubana, ukinzani hupanda zaidi, na joto nalo hupanda.

Kwenye terminali hizo za skrubu, tafadhalini, msipake risasi ya kulehemu kwenye ncha ya waya. Risasi ni laini: ikikandamizwa hujisogeza taratibu, na baada ya muda skrubu uliyoikaza inakuwa imelegea. Waya wenye nyuzi nyingi uvishwe feruli, yaani kijimrija cha shaba kinachobanwa kwenye ncha, au uingizwe mkavu, kisha skrubu irudiwe kukazwa baada ya siku chache.

Kihisi hakina shida ya mkondo, maana kinakula miliampea chache. Shida yake ni kutikisika. Zile plagi nyeusi za Dupont zenye nafasi ya milimita 2.54 hazina kufuli; zinafaa mezani wakati wa majaribio, zisifungiwe ndani ya kisanduku kinachobebwa. Ndani, XH inatosha kabisa. Ila XH imeundwa kuunganisha waya na bodi na kuchomolewa mara chache, si kukaa ukutani mwa kisanduku ikichomolewa kila siku. Ukutani weka GX12, kiunganishi cha duara cha chuma: tundu la milimita 12, mfuo unaozuia kuchomeka vibaya, na nati ya kukaza. Pima kwanza unene wa ukuta, kwa kuwa uzi wa shingo yake ni wa milimita chache tu na plastiki nene hairuhusu nati kushika. Na kabla ya kulehemu, vishia waya lile ganda la nyuma la kiunganishi. Ukisahau, utalehemua kila pini na kuanza upya.

Sasa kibati cha XH, yaani kile kipande kidogo cha chuma kinachobanwa kwenye ncha ya waya, ambacho naomba kitazamwe kwa lenzi. Kina jozi mbili za mabawa. Jozi ya mbele hung'ata shaba, ya nyuma hukumbatia ganda la waya. Menya milimita 2 hivi. Ukishabana, ncha za shaba zichungulie kidogo mbele ya mabawa ya kwanza, na ukingo wa ganda uonekane kwenye uwazi kati ya jozi hizo mbili. Mabawa ya mbele yakiwa yameng'ata ganda badala ya shaba, kifaa kitawaka leo na kukatika kesho. Tumia koleo la kubania vibati. La kawaida huviponda. Usiongezee risasi juu yake, kwani hupanda ndani ya nyuzi, waya ukawa mgumu, kisha ukavunjika pale ugumu unapoishia. Halafu uvute kila waya kwa vidole. Ukichomoka, shukuru umechomoka mezani.

Adapta ina mtego wake. Plagi za duara za milimita 5.5 zipo za tundu la 2.1 na la 2.5, na kwa macho huzitofautishi. Ya 2.1 haiingii kwenye soketi ya 2.5, lakini ya 2.5 huingia kwenye ya 2.1 ikicheza, na kifaa hujizima na kujiwasha bila sababu inayoonekana.

Mambo matatu yasisahaulike. Upande unaotoa umeme uwe na matundu, si pini zilizo wazi. Pampu iwe na kiunganishi kisichoweza kabisa kuingia kwenye soketi ya kihisi, kwa idadi ya pini au kwa umbo. Na soketi ya spika za masikioni isitumike kwa umeme, kwa kuwa plagi yake hugusanisha chanya na hasi inapoingia. Umeme wa ukutani ni habari nyingine: hapo ni soketi ya C14, ile ya pini tatu kama ya nyuma ya kompyuta ya mezani, yenye fyuzi, na waya wa ardhi ufungwe kwenye kisanduku kama ni cha chuma.

Pale waya usipohitaji kuchomolewa mara kwa mara, upitishe kwenye glandi ya PG7, yaani kishikizo chenye nati kinachobana kebo inapopita ukutani, inayoshika kebo za milimita 3 hadi 6.5, na kiunganishi kikae ndani. Ni imara kuliko soketi nyingi za ukutani.

Ombi langu kwako, Mhariri: mnapochapisha maelezo ya kuunda kifaa, taja aina ya kila kiunganishi, idadi ya pini na rangi ya kila waya. Na mchoro useme pini namba 1 ni ipi ukitazama kutoka upande wa mdomo au upande wa nyaya, kwa sababu pande hizo mbili zimegeuzana kama kwenye kioo, na hapo ndipo chanya na hasi hubadilishana.

Wako,
Fundi wa elektroniki