Kwa Nini Mazoezi Yaleyale Hushusha Presha ya Mmoja Zaidi ya Mwenzake

Swali ambalo mama zetu wa darasa la mazoezi la asubuhi hapa Tanga hutuuliza kuliko jingine lolote linahusu ndugu wawili wa tumbo moja. Wote wamepita miaka 60, wote wana presha ya kupanda, wameanza mazoezi wiki moja na wanatembea pamoja njia ileile ya Raskazone. Baada ya miezi mitatu presha ya mmoja imeshuka hata daktari wake amempunguzia dawa, na ya mwenzake haijasogea. Je, ni mambo ya damu? Siku hizi swali hilo linakuja na karatasi, kwa sababu watoto walioko nje ya nchi huwalipia wazazi wao vipimo vya vinasaba vinavyofanywa kwa mate, na mzazi hufika akitaka tumpangie mazoezi kwa mujibu wa majibu hayo. Kituo chetu hakiuzi kipimo hicho wala hakipangi mazoezi kwa kukifuata, na ni haki ya mteja kuelezwa sababu kabla hajalipa ada.

Kwamba miili haiitikii mazoezi kwa kiwango kimoja ni jambo lililothibitishwa. Katika miaka ya 1990, timu ya watafiti wa Marekani na Kanada iliyoongozwa na Claude Bouchard iliwachukua watu 481 kutoka familia 98, wote wakiwa hawana mazoea ya mazoezi, ikawaendeshesha baiskeli za ndani kwa wiki 20 chini ya uangalizi. Uwezo wao wa kutumia oksijeni uliongezeka kwa wastani wa mililita 400 hivi kwa dakika, lakini wastani huo ulificha mengi: wapo ambao karibu hawakuongeza kitu, na wapo waliopita lita nzima. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha kuwa hadi asilimia 47 ya tofauti hizo zilifuata familia, yaani urithi ukichanganyika na maisha ya nyumba moja. Kwa hiyo mama anayesema kwamba mwili wake ni mzito kuitikia hatoi visingizio. Ila kipimo kile kilikuwa cha pumzi na nguvu ya moyo, si cha presha, na washiriki wake walikuwa Wazungu. Tunayataja haya kwa sababu wanaouza vipimo hawayataji. Ikumbukwe pia kwamba ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hufanana vinasaba kwa takriban nusu tu, na si kwa ukamilifu.

Jeni iliyoandikwa sana katika habari za mazoezi na presha ni ile inayotengeneza kimeng'enya kiitwacho ACE. Kazi ya kimeng'enya hiki ni kuibadili kemikali moja ya damu iwe nyingine, angiotensini ya pili, ambayo hubana mishipa na kuufanya mwili ushikilie chumvi na maji. Wateja wetu wengi wanakijua bila kujua kwamba wanakijua, kwa kuwa kaptopril, enalapril na lisinopril wanazopewa kliniki hufanya kazi kwa kukizuia hichohicho. Jeni yenyewe ipo katika kromosomu ya 17 na huja kwa sura mbili: moja ina kipande cha ziada cha herufi 287 na nyingine haina, na wale wasio na kipande hicho kwa kawaida huwa na kimeng'enya kingi zaidi katika damu. Mwaka 1998 Hugh Montgomery wa London na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha sura yenye kipande na ustahimilivu wa wapanda milima na wa askari wapya walipofunzwa, na tangu hapo watu wengi wakaanza kutafuta jeni moja itakayoeleza kila kitu.

Kwa wanawake waliokoma hedhi, macho yaligeukia pia jeni inayoiongoza ngozi ya ndani ya mishipa kutoa oksidi ya naitrojeni, gesi inayoilegeza mishipa. Utafutaji huo ulikuwa na mantiki. Homoni ya estrojeni inaposhuka, utoaji wa gesi hiyo hupungua na mishipa hukakamaa, na hii ni sababu mojawapo ya presha kupanda kwa wanawake wengi baada ya miaka 50 hata kama ujanani haikuwahi kuwasumbua. Mazoezi, kwa upande wake, huisukuma mishipa itoe gesi hiyo tena. Hata hivyo, tafiti zilizolinganisha jeni hizi na mwitikio wa presha kwa wanawake wazee nyingi zilikuwa za makundi madogo, na matokeo yake yamekuwa yakipingana: sura iliyosaidia katika kundi moja haikusaidia katika jingine.

Sababu ya mkanganyiko huo ilidhihirika watafiti walipopata sampuli kubwa. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliohusisha zaidi ya watu milioni moja ulifikisha maeneo ya vinasaba yanayohusiana na presha kwenye mia tisa hivi, na karibu kila moja huisogeza presha kwa chini ya milimita moja ya zebaki, kizio cha kupimia presha. Mama mwenye 158 kwa 94 hakufikishwa hapo na jeni moja, ukiacha magonjwa machache ya kurithi ambayo ni adimu sana na ambayo daktari huyashuku kwa dalili nyingine. Kisha watu waliochunguzwa katika tafiti za aina hii si sisi: hesabu iliyofanywa mwaka 2016 ilionyesha kuwa asilimia 81 walikuwa wa asili ya Ulaya na asilimia 3 tu wa asili ya Afrika. Mwaka 2015 jopo la wataalamu wa tiba ya michezo lilikwisha kutamka kwamba vipimo vya vinasaba vinavyouzwa moja kwa moja kwa mteja havifai kutumika kumpangia mtu mazoezi wala kutabiri uwezo wake, na hatujaona sababu ya kuwapinga.

Kuna hoja nyingine ambayo kwetu ina uzito zaidi, kwa maana inamgusa mteja akiwa darasani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapima watu jeni inayohusishwa na uwezo wa mazoezi, kisha wakawapa majibu yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, bila kujali ukweli wa jeni zao. Walioambiwa kwamba wana sura mbaya walichoka mapema na mapafu yao yakafanya kazi vibaya kuliko walivyofanya kabla ya kuambiwa, wakiwemo wale ambao kwa kweli walikuwa na sura nzuri. Mama wa miaka 67 ambaye tayari anaogopa kiharusi hahitaji karatasi ya kumwambia kwamba mwili wake umekataa. Na kwa anayetaka kupimwa vinasaba kwa sababu nyingine, ajue kwamba hapa nchini shughuli hiyo ina sheria yake ya mwaka 2009, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Katika uzoefu wetu, mengi yanayodhaniwa kuwa vinasaba huwa ni kipimo kibovu. Presha ya mtu mmoja hupanda na kushuka kwa milimita kumi au zaidi kati ya siku na siku bila sababu ya kutisha, hivyo kulinganisha namba moja ya Januari na namba moja ya Aprili ni kulinganisha bahati na bahati. Angalieni mambo yanayotokea pale mezani. Mama ameingia kutoka bodaboda, ameketi kwenye benchi lisilo na egemeo, miguu ameipishanisha, mkanda wa mashine umefungwa juu ya mkono wa dera, na huku mashine ikijaza upepo anaendelea kumsimulia jirani habari za harusi ya jana. Kila kimojawapo katika hayo kinatosha kuipandisha namba. Mkanda mdogo kwa mkono mnene nao huipandisha, na kosa hili ndilo tunaloliona zaidi, kwa sababu mashine nyingi za dukani huja na mkanda wa saizi moja. Kwetu mteja hukaa kimya dakika 5 akiwa ameegemea, nyayo sakafuni, mkono umelala mezani usawa wa moyo, kibofu kitupu, bila kahawa katika nusu saa iliyopita. Tunapima mara mbili, tunaandika wastani, na tunampa mashine ya kuazima akapime nyumbani asubuhi na jioni kwa siku 7 kabla ya kuanza na siku 7 baada ya wiki 12. Wastani wa siku hizo ndio tunaouita matokeo. Hatupimi mara tu baada ya darasa kwa ajili ya kulinganisha, maana zoezi moja tu linaweza kuishusha presha kwa saa kadhaa, wakati mwingine karibu siku nzima, na ingekuwa udanganyifu kumwonyesha mteja namba hiyo kana kwamba ni ya kudumu.

Akibaki bila mabadiliko baada ya kupimwa hivyo, hatua ya pili ni kuuliza kama kiasi kilitosha. Utafiti uliofanyika Zurich, Uswisi, na kuchapishwa mwaka 2017 uliwagawa watu wazima wenye afya katika makundi ya kufanya mazoezi dakika 60, 120, 180, 240 au 300 kwa wiki. Katika kundi la dakika 60, asilimia 69 hawakuongeza uwezo wa mwili. Katika makundi mawili ya juu hakukuwa na hata mmoja wa namna hiyo, na wale waliokwama walipoongezewa dakika, nao waliitikia. Huo pia ulikuwa utafiti wa pumzi na si wa presha, wala hatumpi bibi mwenye magoti mabovu dakika 300 kwa sababu kijana wa Uswisi aliziweza. Tunachojifunza ni kwamba ugumu wa kuitikia mara nyingi unategemea dozi. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kwa wazee mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara. Wengi wa wanaotuambia kwamba wamejitahidi bila mafanikio, tukihesabu nao, hawafikii dakika 90.

Tunaweza pia kubadili aina ya zoezi. Uchambuzi wa mwaka 2023 uliokusanya majaribio 270 ulikuta kwamba kutembea, kukimbia na baiskeli hushusha namba ya juu kwa wastani wa milimita 4.5 hivi, kunyanyua vitu vizito karibu hivyohivyo, na mazoezi ya kukaza misuli bila kusogea milimita 8 na ushei. Hili la mwisho ni faraja kwa wasioweza kutembea sana. Mteja huketi, hushika kishikio chenye kipimo, hubana kwa asilimia 30 ya nguvu zake zote kwa dakika 2, hupumzika, kisha hurudia hadi mara nne, siku 3 kwa wiki. Asilimia 30 ni kidogo kuliko watu wanavyofikiri. Vidole havitakiwi kutetemeka katika dakika ya kwanza. Sharti letu ni mteja ahesabu kwa sauti wakati wote, kwa kuwa anayehesabu hawezi kubana pumzi, na kubana pumzi wakati wa kukaza misuli hurusha presha juu ghafla.

Dawa nazo hubadili sura ya mwitikio, na ndiyo maana tunataka kuziona zote, hata zile za asili. Anayetumia atenolol au bisoprolol mapigo yake hayatapanda kama ya mwenzake, kwa hiyo saa ya mkononi itamwambia kwamba hajafanya kazi ilhali amefanya. Yeye tunampima kwa mazungumzo, aweze kuzungumza ila asiweze kuimba. Anayetumia dawa ya kukojoza anahitaji maji zaidi katika joto letu la Februari, na mwisho wa darasa tunamshusha taratibu ili asipate kizunguzungu anaposimama. Hatupunguzi dawa ya mtu na hatumruhusu ajipunguzie. Presha ikishuka, tunaandika barua yenye namba za siku 7, na daktari wake ndiye anayeamua.

Utaratibu wenyewe, basi, ni wa wiki 12. Wiki nne za kwanza ni za kuzoea na kufikia dakika 150. Katika nne zinazofuata tunaongeza kishikio au mazoezi ya kiti. Katika nne za mwisho tunashikilia kiwango hicho bila kubadili kitu, ili tujue kilichofanya kazi. Ambaye namba yake bado haijasogea tunazungumza naye juu ya usingizi, kukoroma, dawa za maumivu kama diklofenaki ambazo huipandisha presha, na samaki wa chumvi, kisha tunamrudisha kliniki na barua. Wapo wachache ambao hata baada ya yote hayo hawapati zaidi ya milimita mbili tatu, na huenda vinasaba vina mkono hapo. Lakini wao pia miguu imepata nguvu, na hofu ya kuanguka imepungua.

Siku ya kwanza njoo na dawa zako zote katika mfuko, daftari la kliniki, viatu vyenye visigino vya chini na nguo ambayo mkono wake unapanda juu ya kiwiko bila kubana. Anayefika akiwa na 180 kwa 110 au zaidi hataanza siku hiyo, na ada yake haipotei. Mwenye maumivu ya kifua, kichwa kinachouma sana au udhaifu wa upande mmoja asije kwetu kabisa. Aende hospitali moja kwa moja.