Nilikudanganya kuhusu mguu

Walukuba, Jinja

Swahiba wangu,

Salaam nyingi kutoka huku Nile inakoanzia, na unisalimie wote hapo Mwanza, hasa mama watoto. Sisi hatujambo. Mguu nao umepona, ila lazima nikiri jambo. Uliponipigia simu nikakwambia nimeteleza bafuni, nilikudanganya. Nilipigwa teke na pikipiki.

Ndiyo, ile ile ya marehemu baba. Au niseme ya tajiri yake, maana habari yake unaijua nusu. Baba alikuwa fundi kwa Muhindi mmoja mwenye duka la spea hapa mjini. Mwaka 1972 Amin alipowapa Wahindi siku 90 wawe wameondoka, mzee yule alimkabidhi baba pikipiki yake, akamwambia, "Nitunzie, nikirudi nitaichukua." Baba aliisukuma usiku mpaka huku Walukuba, akaifunika kwa magunia, na kila masika akawa anaifunua na kuipaka grisi. Tukiwa watoto tulichapwa kwa kuigusa. Tanki limepakwa rangi mara nyingi hata jina la pikipiki limezama, lakini injini ina alama ya kiwanda chake: JAP, ya Tottenham, London, silinda mbili zilizokaa kama herufi V, digrii 50 kati yao.

Ugonjwa wake ulikuwa magneto, kile kifaa kinachozungushwa na injini na kujizalishia umeme wa cheche za plagi bila betri. Asubuhi, ikiwa baridi, inawaka kwa kiki mbili. Unatoka, unapita Bugembe, unapita Kakira, raha tupu. Ukikaribia Magamaga inaanza kukohoa, kisha inazima, na huiwashi tena mpaka ipoe. Mara tatu nimerudi juu ya lori la miwa. Wewe ni fundi, hakuna haja ya kukueleza sana: zile nyaya zilizosukwa kwenye moyo wa magneto zilipakwa sheleki, ile vanishi ya kuhami umeme, na sheleki ya miaka ile ikipata joto inalainika. Kondensa nayo imezikwa humo humo ndani. Ikiharibika, ni kufumua moyo wote.

Uliniandikia niweke mfumo wa cheche wa elektroniki, magneto niisahau. Nimekusikia, na kwa usahihi wa cheche sina la kubishana nawe. Ile haina cha kulika. Lakini kisanduku kile kimejazwa gundi. Kikifa njiani, kimekufa, na wewe unakitazama tu kama maiti. Platini, ile swichi ndogo ambayo ikifunguka cheche inaruka, naifungua kwa bisibisi, naisugua kwa msasa laini, naendelea na safari. Na hapa Uganda bado zipo. Nilizipata Kampala, soko la Kisekka, kwa kijana aliyekuwa nazo kwenye kopo la maziwa ya unga: platini za Peugeot 504 na kondensa zake. Aliniuliza kama nina jumba la makumbusho.

Basi nikatoa moyo wa magneto, nikabakiza ganda lake na beringi zake. Ndani nikaweka shafti mpya, iliyokerezwa na fundi wa hapa hapa Walukuba kutoka kwenye ekseli ya lori, yenye nundu moja tu ya kufungulia platini. Mnyororo na spoketi sikuvigusa, kwa hiyo shafti inakwenda nusu ya mwendo wa injini, vile vile kama magneto. Mbele nikafunga bamba la alumini lenye platini mbili, moja ya kila silinda, na kila platini ikapewa koili yake na kondensa yake. Ningeweza kutumia platini moja na koili moja inayorusha cheche kwenye plagi zote mbili kwa pamoja, kama Harley za zamani zilivyofanya, lakini nilitaka kila silinda ijitegemee. Utaona kwa nini nashukuru.

Sasa teke. Niliwaza kama mtu yeyote angewaza: silinda mbili, duara moja, basi platini zikae uso kwa uso, digrii 180. Nikapima taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, kwa silinda ya nyuma, karatasi ya sigara katikati ya platini, naizungusha injini polepole mpaka karatasi ichomoke. Safi kabisa. Ya mbele sikuipima, niliiamini. Nikapanda, nikapiga kiki. Swahiba, ile kiki ilirudi juu kama punda! Niliruka, nikaangukia masufuria ya mke wangu, na majirani wakadhani ni mtungi wa gesi. Siku nne nimekaa na mguu kwenye beseni la maji ya chumvi.

Kwenye beseni ndipo nilipopata akili. Pistoni zote mbili zimeshikwa na pini moja ya krankishafti, ile shafti kuu ya injini. Ya nyuma inafika juu, kisha krankishafti inaenda digrii 50 zaidi ndipo ya mbele inafika. Na kila silinda hulipuka mara moja kwa mizunguko miwili, yaani digrii 720. Kwa hiyo kutoka mlipuko wa nyuma hadi wa mbele ni mzunguko mzima na hizo 50, digrii 410, na kutoka wa mbele kurudi wa nyuma ni 310 zilizobaki. Ndiyo maana injini hizi zinanguruma kwa kuchechemea. Kwa shafti yangu ya nusu mwendo, hiyo ni 205 na 155, wala si 180 kwa 180. Silinda ya mbele nilikuwa naipa cheche digrii 50 kabla ya wakati wake! Pistoni bado inapanda, moto umeshawaka juu yake. Mguu wangu ndio ulikuwa njia pekee ya kutokea.

Nikachapisha sahani ya digrii, lile duara lenye alama za digrii, kwenye duka la kutoa fotokopi, nikaibandika kwenye kipande cha plaiwudi, nikatoboa bamba upya. Hapo hakuna mchezo, maana ukikosea digrii moja kwenye shafti, kwenye injini ni mbili. Uwazi wa platini nimeweka milimita 0.4. Bamba lenyewe linazunguka kidogo kwa waya wa ule mkono mdogo wa kwenye usukani, kwa hiyo bado naweza kuchelewesha cheche wakati wa kuwasha kama zamani.

Betri ni ya boda, volti 12, naichaji nyumbani kwa sababu dainamo yake ni ya volti 6 na sijaamua niifanye nini. Hilo ni deni. Magneto haikuomba betri, hapo ilinishinda. Nimeweka pia kitaa chekundu, kwani ukisahau swichi na platini zimefunga, koili inachemka na betri inakwisha huku wewe unakunywa chai.

Jumamosi iliyopita nilikwenda nayo Iganga na kurudi. Magamaga nilipita naimba.

Sasa sikiliza. Yule mzee yu hai, yuko Leicester, ana zaidi ya miaka themanini. Mwanawe aliwahi kuja hapa akaacha namba ya simu, na alipoiona pikipiki alikataa kuichukua, akasema ni yenu sasa. Basi nilipotoka Iganga nikairekodi sauti yake ikiwa imesimama, nikaituma WhatsApp. Siku mbili kimya. Jana usiku ikaja sauti ya mzee mwenyewe, Kiswahili cha dukani kile kile, bila salamu: "Wewe mtoto ya fundi? Piki yangu hiyo. Lakini silinda ya mbele nachelewa kidogo. Angalia."

Nikacheka. Leo asubuhi nikafungua kifuniko. Platini ya nyuma, 0.4 kamili. Ya mbele, fila ya 0.3, kile kibati cha kupimia uwazi, haikupita. Kisigino chake, kile kipande kinachosuguana na nundu ya shafti, kimelika kwa kuwa upande ule nilisahau kuupaka grisi, uwazi umejifunga, na cheche imechelewa. Kaisikia kwenye simu, kutoka Uingereza!

Nimerekebisha, lakini kisigino hicho hakitafika mbali. Hapo Mwanza bado kuna zile Peugeot kuukuu. Nitafutie platini seti mbili, hata zilizotumika, uzipe gari la Bukoba, nitakuja kuzipokea Mutukula. Halafu nitamrekodia mzee tena.

Ni mimi, ndugu yako wa Walukuba.