Poka ya simu haina bawabu

Mhariri,

Sheria ya kamari ya Kenya ya mwaka 1966 iliandikwa wakati kamari ilikuwa na mlango na bawabu. Ile ya 2025 imeutaja mtandao waziwazi, na hilo nalipongeza. Lakini kampuni isiyo na leseni hapa, yenye mitambo yake ng'ambo, itafungwa na nani? Mpwa wangu wa kidato cha tatu alicheza poka, mchezo wa karata wa kamari, kwenye simu kwa kitambulisho cha mamake (mama mtu hadi leo hajui poka ni nini). Karo ya muhula ikaisha usiku mmoja. Wenye leseni walazimishwe kuhakiki umri wa wachezaji. Wasio nayo wafungiwe njia za malipo, kwani pesa nyingi hupitia simu.

Mjomba mtu,
Nakuru