Majivu ya Bose yapimwe

Mhariri,

Inaniuma kila nikisoma wasifu wa Subhas Chandra Bose, mpigania uhuru wa India, unaoishia kwenye uvumi. Ndege yake ilianguka Taipei tarehe 18 Agosti 1945, akaungua vibaya, akafia hospitalini. Tume ya uchunguzi ya serikali ya India ya 1956 ilikubali hivyo, na ile ya 1970 pia. Jaji Mukherjee, aliyeongoza tume ya tatu, akakataa, na mwaka 2006 serikali ya India ikaikataa ripoti yake. Wapo wanaoshikilia hadi leo kwamba alirudi akaishi Faizabad, kaskazini mwa India, kama mtawa!

Majivu ya mwili wake yamo hekaluni Renkoji, Tokyo, tangu 1945. Binti yake, Anita, ameomba yapimwe vinasaba. Mama wa watu amepita miaka 80, anataka baba yake arudi nyumbani. Kwa nini azungushwe?

Msomaji wako,
Tanga