Asante sana mama wa kanga ya bluu

Jamani namshukuru hapahapa yule mama mwenye kanga ya bluu aliyekuja kumuosha mama yangu, msiba wetu wa Tanga wiki mbili zilizopita. Jina sikuuliza, yaani hata akili ya kuuliza sikuwa nayo. Mi nilikuwa nimekaa nje kwenye mkeka naogopa kuingia chumbani, akaja akanishika mkono akasema "njoo mwanangu umuogeshe mamako, mimi niko hapa". Akanionyesha taratibu, maji ya majani ya mkunazi, unaanza upande wa kulia, stara haitoki mwilini muda wote, maji ya mwisho yanatiwa karafuu maiti, halafu vile vipande vitano vya sanda ya mwanamke. Nywele akazigawa mafungu matatu, fungu moja akaniachia nisuke mwenyewe. Mikono ilitetemeka ila nilimaliza. Sasa hivi nikifumba macho simuoni tena mama wa hospitali na mipira puani, namuona amelala safi ananukia udi. Hata soda ulikataa, ukasema unawahi msiba mwingine Ngamiani. Mungu akulipe bi mkubwa, na arobaini ya mama ukisikia njoo, sahani yako ipo.